CHUO KIKUU CHA GLASGOW NA MAFUNDI WA MTO CLYDE

Jinsi wenye elimu na wenye viwanda walivyofaana, na jinsi hesabu ya faida ilivyokuja kuulizwa

Katika mji wa Glasgow, nchini Uskoti, kimo Chuo Kikuu kilichoanzishwa katika mwaka wa 1451, yaani miaka 47 kabla ya merikebu za Vasco da Gama kutia nanga Mombasa. Kilianzishwa kwa hati ya Papa Nicholas wa Tano katika siku za Askofu William Turnbull, na masomo ya kwanza yalifundishwa katika kanisa kuu la mji. Wanafunzi wa siku zile walikuwa wachache, na wengi wao walitaka kuwa makasisi au wanasheria. Hapakuwa na mtu aliyewaza kwamba mahali pale pangepata kujulikana ulimwenguni kwa ajili ya injini, simu, meli na vyombo vya hospitali.

Sifa hiyo haikuletwa na vitabu peke yake. Ilitokana na jambo moja linalofaa kufikiriwa na kila mtu aliye na kijana shuleni au aliye na karakana mjini: wataalamu wa chuo kile na mafundi wa mji ule walikutana mara kwa mara, wakaulizana maswali. Mara nyingine mapatano yao yaliwafaidi wote. Mara nyingine faida ilikwenda mbali, au fedha zilitoka mahali pasipokuwa na haki. Habari zenyewe ni hizi.

Fundi aliyepewa chumba

James Watt alizaliwa katika mwaka wa 1736 huko Greenock, bandari iliyo karibu na mdomo wa Mto Clyde. Alijifunza London kwa muda wa mwaka mmoja kazi ya kutengeneza vyombo vya kupimia, kisha akarudi Glasgow kutafuta riziki. Husimuliwa kwamba chama cha mafundi wa vyuma kilimzuia kufungua duka mjini, kwa sababu hakutimiza miaka 7 ya uanagenzi kama desturi ilivyotaka. Chuo Kikuu, hata hivyo, kilikuwa na ua wake. Katika mwaka wa 1757 walimu walimpa chumba cha kazi ndani ya ua huo, pamoja na cheo cha fundi wa vyombo vya chuo. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 21.

Kazi yake ya kwanza chuoni ilikuwa kusafisha vyombo vya kutazamia nyota vilivyoletwa kutoka Jamaica. Chuo kilikuwa kimeachiwa vyombo hivyo katika urithi wa mfanya biashara mmoja, Alexander Macfarlane. Watt alilipwa pauni 5. Msomaji na alikumbuke jina hilo la Jamaica, maana litatajwa tena.

Chumba kile kikawa baraza. Profesa Joseph Black, mwalimu wa kemia, alikuwa akiingia kuzungumza na fundi. Vilevile mwanafunzi John Robison. Watt hakuwa na shahada yoyote, wala walimu hawakuwa na ustadi wa mikono kama wake. Kila mmoja alikuwa na kitu alichokosa mwenzake.

Siri ya maji yanayochemka

Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1763 kuingia 1764, chuo kilimpa Watt mfano mdogo wa injini ya Thomas Newcomen ili autengeneze. Injini kubwa za namna hiyo zilikuwa zikitumika tangu mwaka wa 1712 kuvuta maji katika migodi. Zilifanya kazi hivi: mvuke uliingia katika silinda, kisha maji baridi yakanyunyizwa ndani ya silinda ileile. Mvuke ulipopoa uligeuka kuwa matone machache ya maji, nafasi ikabaki tupu, na uzito wa hewa ya nje ukaisukuma pistoni kwenda chini. Mfano ule wa chuo ulipiga mara chache tu, kisha ukasimama kwa kuishiwa mvuke.

Watt hakutaka kuutengeneza tu na kuurudisha. Alipima maji, akapima makaa, akapima mvuke. Aliona kwamba sehemu kubwa ya mvuke, yapata robo tatu, ilipotea kwa kuipasha moto tena silinda iliyokwisha kupozwa na maji baridi.

Alimweleza Profesa Black, naye akamfafanulia jambo ambalo alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake. Kila mpishi hulijua jambo hilo kwa macho. Sufuria ya maji ikisha chemka, hata kuni zikiongezwa maradufu, maji hayazidi kuwa moto. Huzidi tu kugeuka mvuke. Ule moto wote uliozidi hauonekani katika kipimo cha joto, kwa sababu umefichwa ndani ya mvuke wenyewe. Kwa hiyo mvuke kidogo huchukua joto jingi sana, na kuupoteza mvuke ni kupoteza makaa.

Katika mwaka wa 1765, alipokuwa akitembea katika uwanja wa Glasgow Green siku ya Jumapili, Watt alipata jawabu. Mvuke usipozwe ndani ya silinda; uvutwe kwenda katika chombo cha pili kinachokaa baridi daima, nayo silinda ikae moto daima. Wazo hilo laweza kuelezwa kwa maneno machache, lakini lilibadili kazi za dunia. Mfano ule mdogo wa Newcomen umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la chuo hicho, liitwalo Hunterian.

Faida ilikwenda wapi?

Wazo ni kitu kimoja, na mashine inayouzwa ni kitu kingine. Watt alihitaji fedha, na Profesa Black alimkopesha kutoka mfukoni mwake, kisha akamjulisha kwa Bwana John Roebuck, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda cha chuma cha Carron. Roebuck alilipa madeni ya Watt na gharama za kazi, akapewa theluthi mbili za haki ya uvumbuzi. Hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi ilitolewa katika mwaka wa 1769. Lakini mafundi waliokuwapo hawakuweza kutoboa silinda kubwa iliyo sawasawa, mvuke ukawa unavuja, na katika mwaka wa 1773 Roebuck akafilisika.

Sehemu yake ilichukuliwa na Matthew Boulton, mwenye kiwanda huko Birmingham, Uingereza. Watt alihamia huko, na katika mwaka wa 1775 wakawa washirika. Huko alikuwapo John Wilkinson aliyejua kutoboa chuma kwa usahihi. Washirika hao walikuwa na njia ya pekee ya kulipwa: mwenye mgodi alitakiwa kuwapa theluthi moja ya thamani ya makaa aliyookoa akilinganishwa na mtu aliyetumia injini ya Newcomen. Hivyo mnunuzi hakulipa ahadi, alilipa faida aliyokwisha kuiona.

Basi wazo lilizaliwa katika ua wa chuo cha Glasgow, bali mali yake ya kwanza ilivunwa Birmingham. Mji uliokuwa na wataalamu lakini ukakosa mafundi hodari na wenye mtaji mvumilivu, haukuweza kukilea chake. Watu wa Clyde waliliona jambo hilo, na vizazi vilivyofuata vilijitahidi lisitokee tena.

Waya wa chini ya bahari

William Thomson alizaliwa Belfast mwaka wa 1824. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha Glasgow, na kijana huyo aliingia darasani humo akiwa na umri wa miaka 10. Katika mwaka wa 1846 akawa profesa akiwa na miaka 22, akashika kazi hiyo kwa muda wa miaka 53. Alichukua ghala kuukuu la mvinyo lililokuwa chini ya nyumba za chuo, akalifanya mahali pa wanafunzi kujaribu mambo kwa mikono yao badala ya kuyasikiliza tu.

Siku hizo matajiri walitaka kuunganisha Ulaya na Amerika kwa waya wa simu. Thomson alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba alama za umeme huchelewa katika waya mrefu, na kwamba urefu ukizidi mara mbili, kuchelewa huzidi mara nne. Dawa yake, alisema, ni waya mnene, umeme mdogo, na chombo chepesi cha kupokelea. Bwana Whitehouse, fundi mkuu wa umeme wa kampuni, hakukubali. Waya ulitandikwa mwaka wa 1858, lakini ulikuwa dhaifu. Salamu za Malkia Victoria, maneno 98, zilichukua muda wa saa 16 hivi kupita. Whitehouse akautia umeme wenye nguvu nyingi mno, na baada ya majuma machache waya ukafa. Fedha nyingi zililala chini ya bahari.

Kampuni ilipojaribu tena ilifuata shauri la profesa, na katika mwaka wa 1866 waya ukafaulu. Thomson alipewa cheo cha Sir mwaka huohuo. Vyombo vyake vilitengenezwa papo hapo Glasgow katika karakana ya James White: kile chenye kioo kidogo kilichoonyesha umeme mchache kabisa kwa nuru iliyochezacheza ukutani, na baadaye dira ya meli na mashine ya kupimia kina cha bahari. Wanafunzi walitoka darasani wakaingia karakana, na mafundi walipewa kazi zilizowafundisha usahihi. Katika mwaka wa 1892 Thomson alitunukiwa cheo cha Lord Kelvin, kutokana na jina la mto upitao karibu na chuo, na jina hilo likawa pia jina la kampuni ya vyombo.

Pwani ya Afrika ya Mashariki ilipata sehemu yake katika kazi ya namna hiyo. Waya wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden katika mwaka wa 1879. Habari za bei ya karafuu, ambazo zamani zilingoja meli kwa majuma mengi, zikaanza kusafiri kwa waya.

Wajenzi wa meli na Bibi Elder

Katika mwaka wa 1840 chuo kilipata uprofesa wa uhandisi, wa kwanza katika Uingereza yote. Profesa William Rankine, aliyeushika tangu 1855 hata alipofariki mwaka wa 1872, aliandika kanuni za joto na mvuke kwa namna ambayo mwenye kiwanda aliweza kuzitumia. Rafiki yake John Elder, mjenzi wa meli, aliunda injini ambayo mvuke ulifanya kazi mara mbili: kwanza katika silinda ndogo yenye kani kubwa, kisha katika silinda kubwa. Meli ikaokoa yapata theluthi moja ya makaa. Maana yake ni kwamba palipokaa makaa paliwekwa shehena, na safari ndefu zikalipa.

Elder alikufa mwaka wa 1869. Mjane wake, Bibi Isabella Elder, hakuitumia mali kwa anasa. Katika mwaka wa 1883 alikipa chuo pauni 12,500 ili pawepo profesa wa ujenzi wa meli, wa kwanza duniani. Tena alinunua nyumba kubwa akaitoa iwe chuo cha wanawake, Queen Margaret College, kwa sharti kwamba mafundisho yawe sawa na ya wanaume. Humo likaanzishwa darasa la udaktari mwaka wa 1890, na katika mwaka wa 1894 Marion Gilchrist akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Uskoti.

Kazi za Clyde ziliendelea kufika hata katika bara la Afrika. Injini za gari la moshi za daraja la 29, zilizopewa majina ya makabila ya Afrika ya Mashariki, zilitengenezwa Glasgow na kampuni ya North British Locomotive tangu 1951 hata 1955. Meli ya Victoria iliundwa vipande vipande na kampuni ya Yarrow ya Glasgow, ikaletwa na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi ziwani mwaka wa 1961. Baada ya matengenezo makubwa ilirudi kazini mwaka wa 2020 kati ya Mwanza na Bukoba.

Mwanafunzi aliyekwenda Japani

Henry Dyer alikuwa mwanafunzi wa Rankine. Mwaka wa 1873, mara alipopata shahada yake, alikwenda Japani kuwa mkuu wa chuo kipya cha uhandisi huko Tokyo. Aliweka mafunzo ya miaka 6 yaliyochanganya darasa na karakana, na miaka ya mwisho yote ilikuwa ya kazi ya mikono. Serikali ya Japani iliwalipa wageni mishahara mikubwa, lakini ilikusudia tangu mwanzo kwamba Wajapani wenyewe washike nafasi zao. Vijana wao walikwenda Glasgow pia, wakajifunza chuoni na katika viwanda vya meli. Baada ya muda mfupi Japani ilikuwa ikiunda meli zake yenyewe. Elimu ile haikununuliwa ikiwa mashine iliyokwisha fungwa katika sanduku. Ilichukuliwa pamoja na desturi ya kuuliza na kupima.

Mwangwi uliookoa mgonjwa

Profesa Ian Donald alianza kufundisha Glasgow elimu ya uzazi katika mwaka wa 1954. Alikuwa ametumikia katika jeshi la anga, akazijua mashine zinazotambua vitu vya mbali kwa mwangwi. Huko Renfrew, karibu na mji, kiwanda cha Babcock & Wilcox kilitengeneza mabwela, na mafundi wake walikuwa na chombo cha kupeleka ndani ya chuma sauti nyembamba mno zisizosikika na sikio la mwanadamu. Mtu apigaye kelele mbele ya jabali hurudishiwa sauti yake. Vivyo hivyo sauti zile zilirudi zilipokuta ufa, na fundi akajua chuma ni kibovu kabla bwela halijapasuka.

Profesa aliuliza: je, sauti hizo zaweza kutofautisha uvimbe na uvimbe? Mnamo Julai 1955 alipeleka kiwandani, ndani ya magari mawili, uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa waliopasuliwa. Mafundi wakaweka na kipande cha nyama ya ng'ombe ili kulinganisha. Uvimbe wa maji ulirudisha mwangwi wa namna moja, na uvimbe mgumu namna nyingine.

Kijana mmoja mhandisi, Tom Brown wa kampuni ya Kelvin & Hughes, ile iliyorithi kazi ya Lord Kelvin, alisikia habari hiyo akampigia profesa simu. Wakashirikiana pamoja na Daktari John MacVicar. Meza ya kulia chakula kitandani hospitalini ikawa sehemu ya mashine yao ya kwanza ya kuchora picha. Mwanamke mmoja aliyedhaniwa kuwa na saratani ya tumbo isiyo na dawa alipimwa. Chombo kikaonyesha uvimbe wa maji, akapasuliwa, akapona. Matokeo yalichapishwa katika gazeti la madaktari liitwalo Lancet mwezi wa Juni 1958. Siku hizi mama mjamzito anayepimwa katika hospitali ya wilaya, popote alipo, hupimwa kwa njia iliyotokana kwa sehemu kubwa na safari ile ya kwenda kiwanda cha mabwela.

Hata hapa faida haikukaa nyumbani. Katika miaka ya 1960 kampuni ilifunga kiwanda chake cha Glasgow, na kazi ya kutengeneza mashine hizo ikachukuliwa na kampuni ya Edinburgh. Yaliyompata Watt yakatokea tena baada ya miaka mia mbili.

Deni la zamani

Biashara iliyokuwa jirani ya chuo haikuwa ya meli na vyuma tu. Katika karne ya 18 Glasgow ilitajirika kwa tumbaku na sukari, na mazao hayo yalilimwa na watumwa waliotekwa Afrika. Macfarlane, ambaye vyombo vyake vilimpa Watt kazi ya kwanza, alikuwa na watumwa Jamaica. Walimu kadha wa chuo waliupinga utumwa, na mwaka wa 1792 chuo kilipeleka Bungeni ombi la kuukomesha uuzaji wa watu. Lakini wakati huohuo kilipokea zawadi na urithi kutoka kwa watu waliofaidiwa na utumwa.

Vilevile humo alisoma James McCune Smith, aliyezaliwa mtumwa New York mwaka wa 1813. Vyuo vya Marekani vilimkataa kwa rangi yake, Glasgow ilimpokea. Katika mwaka wa 1837 akawa Mmarekani wa kwanza wa asili ya Kiafrika kupata shahada ya udaktari, kisha akarudi kwao kuwatibu watu na kuupinga utumwa kwa kalamu.

Katika mwaka wa 2018 chuo chenyewe kilitangaza matokeo ya uchunguzi wa vitabu vyake vya hesabu. Kilikadiria kwamba faida kilichopata kutokana na utumwa, kwa thamani ya siku hizi, ni kati ya pauni milioni 16.7 na milioni 198, kwa kadiri ya njia ya kuhesabu. Mwaka wa 2019 kilifanya mapatano na Chuo Kikuu cha West Indies kwamba pauni milioni 20 zitumike kwa kazi ya utafiti katika muda wa miaka 20. Wako wanaosema kwamba fedha hizo ni chache. Lakini hapana awezaye kusema tena kwamba hesabu haijulikani, kwa maana waliofungua daftari ni watafiti wa chuo chenyewe, kwa ustadi uleule wa kupima uliokipatia sifa.

Mambo ya kuangaliwa

Wahenga walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Habari za Glasgow zathibitisha hivyo, ila zaongeza jambo: hata asali ikipatikana, yafaa kuuliza mzinga ni wa nani, na nani atakayekula.

Mahali popote chuo kinapokaa karibu na viwanda, iwe Glasgow au kwingineko, maswali ni machache. Je, fundi asiye na shahada aweza kuingia lango la chuo akasikilizwa? Je, mwalimu aweza kwenda kiwandani bila kuona haya? Wazo likipatikana, je, pana mtaji na mikono hodari ya kulikuza papo hapo, au litahama kama lilivyohama la Watt? Na fedha zinapotolewa, je, imeulizwa zilitoka wapi? Chuo cha Glasgow kilipata majibu yake kwa muda wa karne nyingi na kwa gharama kubwa. Wanaoanza leo wanaweza kuyapata kwa gharama ndogo zaidi, wakiuliza mapema.